Polisi na kafyu ya korona: mbona mpaka leo hatukubaliani?

SWALI: Habari za kazi. Mimi na shemeji yangu tukikutana tu lazima hii stori ya kafyu ya korona irudi. Yeye anasema polisi walifanya kazi nzuri, Wakenya ni wakaidi, bila rungu tungeisha. Mimi mdogo wangu alipigwa akitoka kazini mpaka mkono ukavunjika, sasa nikisikia hayo damu inachemka. Nani yuko sawa? Na kwani polisi waliruhusiwa kupiga watu? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Pole sana kwa yaliyompata mdogo wako. Nianze na la ruhusa maana jibu lake ni fupi: hapana. Chama cha Mawakili kilienda kortini, na tarehe 16 Aprili 2020 Jaji Weldon Korir akasema kafyu yenyewe ni halali ila polisi kutumia nguvu kupita kiasi ni kinyume cha katiba. Wengi walisikia ile nusu ya kwanza tu, na nahisi shemeji yako ni mmoja wao.

Sasa hilo la nani yuko sawa. Ninavyoona mimi hamgombani kuhusu ugonjwa, kila mmoja anaongea kuhusu polisi aliyemuona yeye. Kuna mtu alifanyia kazi nyumbani, ana gari, ana mzazi mgonjwa ndani anamuogopea usiku kucha, polisi amewaona kwa tivii tu wakifukuza walevi waliojifungia baa. Huyo kuwasifu siwezi kumlaumu, hofu yake ilikuwa ya kweli na zile baa kweli zilikuwepo. Lakini chukua mtu wa kibarua. Matatu ya watu 14 iliambiwa ibebe 8, nauli ikapanda, foleni stejini ikawa ndefu, saa kumi na mbili na nusu bado amesimama pale anaangalia gari zinapita zimejaa, na kafyu ni saa moja. Yaani huyu amechelewa kwa sababu ya kanuni ileile ya korona, halafu anapigwa kwa kuchelewa! Hapo ukaidi uko wapi?

Na wewe ni wa Mombasa, Likoni unaijua. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza kabisa ya kafyu, watu wamejaa pale wanangoja feri wawahi kufika nyumbani, polisi wakawarushia vitoa machozi na kuwapiga kabla hata saa haijafika. Watu wakalazwa chini wamebanana, wanakohoa, wanajifuta macho na mikono ileile tuliyoambiwa tusipeleke usoni. Kama lengo lilikuwa kuzuia ugonjwa unaoenda kwa pumzi, ile ilikuwa kuusaidia. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, Nairobi, akafa. Nyumbani kwao jamani, si barabarani! Tarehe 1 Aprili Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe akaomba radhi kwa yale polisi waliyopita mpaka, kwa hiyo mtu asikuambie ni maneno ya wachochezi.

Kitu kingine kilichotia watu uchungu ni kuona kanuni haishiki wote sawa. Julai 2020 Johnson Sakaja, wakati huo seneta wa Nairobi na mwenyekiti wa kamati ya seneti ya korona, alikamatwa baa saa za kafyu. Akapelekwa kortini, akakiri, akatozwa faini ya shilingi 15,000 na kiti cha kamati akakiachia. Mimi sina shida na hiyo faini, hivyo ndivyo ilivyotakiwa iwe, tena kwa kila mtu, pamoja na mdogo wako kama kweli alikuwa na kosa. Uingereza nako ilikuwa hivyohivyo, waziri mkuu Boris Johnson alipopigwa faini 2022 kwa mkusanyiko wa ofisini kwake wakati wa lokdauni, waliokasirika zaidi ni wale waliotii, wale waliokosa hata kuzika watu wao. Anayetii ndiye anayeumia akiona mwingine hajaguswa, na ukishamuumiza huyo, kanuni ya kesho ataifuata kwa kuogopa askari tu, askari akigeuka basi.

Kwa hiyo shemeji yako yuko sawa kwamba kanuni ilihitaji mtu wa kuisimamia. Kwa rungu hayuko sawa hata kidogo, na hapo usimpunguzie eti kwa sababu ni shemeji. Mkikutana tena usianze na hasira, muulize tu siku zile za kafyu yeye alikuwa anarudi nyumbani saa ngapi na kwa gari gani, halafu mwache mdogo wako amjibu hilohilo swali akiwa amekaa palepale.