Kabla ya kununua kitabu cha bei, kitafutie pa kulala

Kitabu changu cha kwanza cha bei kilinuka. Si siku kilipofika, la. Siku hiyo kilinukia ngozi mpya, nikakinusa mbele za watu bila haya. Kilianza kunuka baada ya masika, mke wangu alipokichomoa kwenye kasha lake akarudi nyuma hatua moja. "Bwana wee, hiki kina harufu ya mkoba wa marehemu bibi." Mgongo wa kitabu ulikuwa na madoa meupe, kama mtu alikishika akitoka kukanda unga wa chapati.

Kilinigharimu shilingi 64,000 pamoja na usafiri. Ni toleo maalumu la hadithi ya majini na mazimwi: nakala 750 tu ndizo zilizochapwa, yangu namba 412, jalada la ngozi, michoro ya rangi, sahihi ya mchoraji. Nami nikakiweka kwenye rafu iliyoegemea ukuta wa nyumba yetu Kibokoni, Mombasa. Wakazi wa Mji wa Kale washajua kosa liko wapi. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji na chumvi, na ikifika Aprili hutoa jasho kama mchukuzi wa Marikiti.

Nikaongeza kosa juu ya kosa. Nilichukua kitambaa, nikakichovya spiriti, nikasugua. Ukungu ulitoka, na rangi ya ngozi ikatoka nao. Doa lile lipo mpaka leo, umbo lake kama kisiwa. Ukipatwa na balaa hili, usipanguse kitu kikiwa kibichi. Kitoe kitabu, kiweke penye hewa kavu inayotembea, kivulini, kurasa zimeachama kidogo, mpaka ule ukungu ukauke uwe vumbi. Kisha ufagie taratibu kwa brashi laini, nje ya nyumba, umejifunga barakoa. Jua kali pia usilitegemee: litakausha, lakini litaupausha mgongo.

Ushauri mwingi wa kutunza vitabu hivi unaandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao nyumba zao hupashwa moto, hewa inakauka, ngozi inapasuka, basi wanahubiri mafuta ya kupaka ngozi. Wewe wa Mombasa ukipaka mafuta hayo unauandalia ukungu futari. Ukungu hupata nguvu unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi, na sisi asilimia 75 ni siku ya kawaida tu, kusi likivuma na mvua juu yake ndiyo usiseme.

Kwa hiyo pesa za kitabu cha pili sikuzitumia kununua kitabu cha pili. Nilimpa fundi seremala anitengenezee kabati la mkangazi lenye milango ya kioo na miguu ya kuliinua kutoka sakafuni. Nimelisimamisha kwenye ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua, na kati yake na ukuta inapita ngumi yangu. Ndani kuna kipima unyevu kidogo cha kubandika, na mabakuli mawili ya punje za silika zile za rangi ya chungwa. Zikishiba maji hugeuka kijani, unaziweka kwenye oveni ya moto mdogo, zinarudi rangi yake. Kipimo kikisimama kati ya 50 na 60 ninalala usingizi. Kuhusu AC, kama huwezi kuiacha ifanye kazi mfululizo basi usiitegemee. Kuwasha mchana na kuzima usiku kunakitesa kitabu zaidi, kinavimba na kusinyaa kila siku.

Shangazi yangu alinishauri nikifukize udi, maana ndivyo afanyavyo kwa nguo zake. Nilimshukuru. Moshi una masizi, na masizi yakitua kwenye kingo zilizopakwa dhahabu hayatoki.

Sasa kununua kwenyewe. Neno "toleo maalumu" halina maana mpaka uuone ukurasa wa idadi, kwa kawaida mwanzoni au mwishoni kabisa mwa kitabu. Hapo pameandikwa zimechapwa nakala ngapi, hii ni ya ngapi, na nani katia sahihi. Muuzaji asiyetaka kukutumia picha ya ukurasa huo, achana naye. Na usitarajie sahihi ya mwandishi. Hadithi hizi za majini, mazimwi na pete za ajabu nyingi waandishi wake wako makaburini. Tolkien, mwandishi wa The Hobbit, alifariki 1973. Anayesaini ni mchoraji au aliyeandika dibaji, na mara nyingi husaini karatasi peke yake, ambayo baadaye hubandikwa ndani. Si udanganyifu, ndivyo kazi ilivyo.

Pia kuna uadimu wa kupangwa na uadimu wa ajali. Richard Burton, msafiri wa Kiingereza, huyu huyu aliyepita hapa Mombasa mwaka 1857 kabla ya safari yake ya bara, alianza mwaka 1885 kutoa tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela, majalada 10, seti 1,000 kwa waliojiandikisha tu, akaahidi hatazirudia. Huo ulipangwa. Lakini Septemba 1937 wachapishaji Allen & Unwin wa London walichapa nakala 1,500 za kwanza za The Hobbit, na hakuna aliyeziita maalumu. Kilikuwa kitabu cha watoto, kikaisha madukani kabla ya mwaka kwisha. Leo nakala ya chapa hiyo iliyo na lile jalada la karatasi alilolichora Tolkien mwenyewe haina jirani kwa bei na ile iliyolipoteza. Uadimu wa kupangwa ndio sisi tunaoumudu, na haukuahidi faida. Mara nyingi mchapishaji yule yule baadaye hutoa toleo la kawaida lenye michoro ile ile kwa bei ya robo. Ukinunua ukidhani ni kiwanja cha Nyali, utaumia.

Mimi hununua kimoja kwa mwaka, na sharti niwe nimeshaisoma hadithi yenyewe. Kinachonikera ni kwamba Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952, yenye majini na ndugu waliogeuzwa manyani, sijawahi kuiona katika jalada la ngozi lenye namba. Ingetoka, ningeuza hata simu.

Usafiri nitausema kwa ufupi. Omba kisanduku ndani ya kisanduku, lipia bima, uliza mapema kodi na ada za kutoa mzigo, na upige picha kabla ya kukata gundi. Kimoja kilinifikia kona zimebondeka, na bila picha ningeambiwa nimekiangusha mwenyewe. Ukiwa na jamaa anayerudi kutoka London, mpe heshima zake zote na umwombe akibebe mkononi.

Na ukisome. Glovu nyeupe za kwenye filamu hazina haja, zinafanya vidole viwe vizito hata ukachana ukurasa. Nawa, kausha mikono vizuri, weka kahawa mbali. Namba 412 na doa lake ndicho ninachokifungua mara nyingi, kwa sababu sina tena hofu ya kukiharibu.