Bandari bubu hazina geti: niliyoyaona kwenye mwalo huku Tanga

Mkuu, umeuliza kwa nini serikali isizifunge bandari bubu zote, hizi zisizo rasmi, kuanzia Jasini hadi Bagamoyo ili unga, yaani dawa za kulevya, ukome. Nimekuwa katibu wa BMU, kikundi chetu cha kulinda mwalo, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, kwa miaka sita huku Kigombe, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza, hakuna cha kufunga. Maji yakijaa, kila upenyo wa mikoko unaingiza boti. Yakitoka, ni tope tupu. Na jahazi lenyewe linalotoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, halisogei hapa. Linasubiri mbali, boti za faiba zinalifuata huko huko kwa GPS. Kinachogusa mchanga wetu ni boti ya jirani.

Huko mbali kuna manowari za kigeni. Aprili 2014, HMAS Darwin ya Australia ilikamata kilo 1,032 za heroini nje ya pwani ya Kenya. Safi. Ila kawaida ya operesheni zile mzigo huharibiwa, mabaharia wakaachiwa na jahazi lao, maana kumshtaki mtu aliyekamatwa bahari kuu ni mtihani. Kesi inapatikana mzigo ukishashuka nchini kwa mtu.

Sasa sikiliza. Usiku mmoja wa matlai, bahari imelala, boti iliingia saa tisa. Mashine mbili kubwa, watu watatu. Nikawamulika tochi, nikaomba leseni. Nyavu zimekunjwa, kavu kama zimetoka dukani. Sanduku la barafu halina hata tone. Mvuvi gani anarudi saa hizo bila harufu ya samaki? Wa magendo ya sukari tunawajua: wana kelele, boti imezama hadi ukingoni, wapagazi wanagombana. Hawa walikuwa kimya. Mmoja akanyoosha mkono wenye "chai". Sikuipokea. Nikajitenga, nikampigia afisa mmoja, simtaji yeye wala ofisi yake.

Hakuja mtu. Kesho yake mama muuza vitumbua ananiambia mbele za watu, "Mjomba, kumbe ni wewe uliyepiga simu!" Nililala kwa shemeji yangu Muheza wiki mbili. Mle botini mlikuwa na nini, sijui mpaka leo.

Ndiyo maana nikisikia "doria, doria" nachoka. Mwaka 2015 zilitungwa sheria mbili: ya dawa za kulevya, iliyoleta Mamlaka ya kupambana nazo tuliyonayo, na ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Ya kwanza ina meno. Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Iringa haina bahari, mkuu. Pale boti ya doria haisaidii, kinachosaidia ni taarifa. Ya pili, nenda kaulize wavuvi kumi wa Kigombe kama wamewahi kuisikia. Boti ya doria inakula petroli na inapita mara moja; mvuvi yupo baharini kila usiku, na anaijua kila mashine kwa mlio.

Siku hizi vijana wameamua wenyewe: ukiona nyavu kavu, piga 119, namba ya bure ya Mamlaka, usimpigie mtu unayemjua kwa jina. Mama wa vitumbua bado ananiita Mpiga Simu.