Maswali na majibu: Kugeuza sauti kinyumenyume ndani ya kivinjari

Wasomaji kadhaa wa Kigoma na Tabora wameuliza kuhusu kurasa za intaneti zinazopokea rekodi ya sauti na kuicheza kuanzia mwisho kwenda mwanzo.

Ninafundisha Fizikia Nzega. Wanafunzi wangu wanadai kuwa sauti ikigeuzwa huwa nzito zaidi. Je, ni kweli? Na neno likigeuzwa, tulisome herufi kwa herufi kutoka nyuma?

Mwalimu, sauti haiwi nzito. Rekodi ya kidijitali ni mfululizo wa namba zinazoonyesha kimo cha wimbi la sauti, na kwa kiwango cha diski za CD namba hizo ni 44,100 kwa kila sekunde, kwa kila chaneli (upande wa kushoto au wa kulia wa sauti). Programu iliyomo ndani ya ukurasa huifungua faili, huzipanga upya namba hizo ili ya mwisho iwe ya kwanza, kisha huzicheza kwa kasi ileile; na kwa kuwa idadi ya mitetemo kwa sekunde haijaguswa, uzito na wembamba wa sauti hubaki kama ulivyokuwa. Kinachogeuka ni mwenendo wake katika muda. Ngoma huanza kwa kishindo na kufifia, lakini ikigeuzwa huanza kwa mbali, ikapanda, kisha ikakatika ghafla, na nadhani mkatiko huo ndio unaowachanganya wanafunzi wako.

Ama kuhusu herufi, usizitegemee. Rekodi neno "chai". Mwanzo wake ulimi huziba hewa kama katika "t", kisha huiachia kwa msuguano unaofanana na "sh", kwa hiyo likigeuzwa utasikia kitu kama "iasht", si "iahc". Mwambie mwanafunzi mmoja aige "iasht" hiyo, airekodi na kuigeuza mbele ya wenzake. Akipatia, darasa litasikia "chai" kwa lafudhi isiyo ya Nzega wala ya popote, na somo la mawimbi litakuwa limeanza bila ubao.

Ninaongoza kwaya Urambo. Waumini wanasema nyimbo za kidunia zikigeuzwa hutoa maneno ya kishetani. Tuligeuza wimbo mmoja, na kweli tuliyasikia.

Kabla ya kuwajibu waumini, jiulize jambo moja: mliyasikia maneno hayo kabla au baada ya kuambiwa ni maneno gani? Mwaka 1985 watafiti John Vokey na Don Read wa Chuo Kikuu cha Lethbridge, Kanada, walichapisha majaribio yao juu ya suala hilihili. Wasikilizaji waliweza kutambua kama anayesema ni mwanamume au mwanamke, lakini maana ya maneno yaliyogeuzwa haikuwafikia. Walipotajiwa sentensi ya kusikiliza, wengi waliisikia hata pale ambapo hakuna aliyeikusudia. Sikio likishapewa jibu, hulitafuta mpaka lilipate.

Ninyi wenyewe mnaweza kujaribu. Chagueni wanakwaya ambao hawajasikia uvumi huo, wachezeeni kipande hicho bila kuwadokeza lolote, na kila mmoja aandike peke yake alichosikia. Kisha geuzeni wimbo mmoja wa kwaya yenu. Sitashangaa mkipata humo neno la kutia aibu, ingawa mtunzi wake ni mtu wa sala.

Si kwamba hakuna wanamuziki waliofanya hivyo kwa makusudi. The Beatles wa Uingereza walitoa wimbo wenye sauti iliyogeuzwa mwaka 1966, enzi za mikanda, na ilikuwa mbinu ya kisanii. Bendi nyingine ya Uingereza, Judas Priest, ilishtakiwa Marekani kwa madai ya ujumbe uliofichwa katika muziki wake, na mwaka 1990 jaji wa Nevada aliitupa kesi hiyo.

Natengeneza biti hapa Mwanga, Kigoma. Nageuza toazi, lakini haliingii kwenye mdundo.

Unaliweka kama toazi la kawaida, yaani mwanzo wake kwenye pigo la kwanza. Toazi lililogeuzwa lina nguvu mwishoni, kwa hiyo mwisho wake ndio unaopaswa kugusa pigo. Biti yako ikiwa na mapigo 120 kwa dakika, mapigo manne huchukua sekunde 2; likate toazi libaki na sekunde 2, kisha lianzishe mapigo manne kabla. Jaribu pia kwenye vokali, yaani sauti ya mwimbaji: igeuze, iongezee mwangwi, halafu igeuze tena. Maneno yatarudi sawasawa, ila mwangwi utatangulia kila neno badala ya kulifuata.

Niko Sikonge. Nikipakia hotuba ya saa moja, ukurasa unajifunga. Faili ni la MB 58 tu.

Hizo MB 58 ni ukubwa wa MP3 iliyominywa. Ili kuigeuza, kivinjari kwa kawaida huifumua yote kwenye memori ya simu, na saa moja ya sauti ya chaneli mbili hufikia takriban GB 1.27. Ikate vipande vya dakika tano, au tumia kompyuta.

Nina ujumbe wa sauti wa familia niliotumiwa WhatsApp. Nikiuweka kwenye kurasa hizi hapa Ujiji, unakwenda wapi? Na nikiugeuza, je, utakuwa siri?

Inategemea ukurasa. Baadhi hufanya kazi yote ndani ya simu yako. Nyingine huituma sauti kwanza kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali ya wenye ukurasa. Fungua ukurasa, ukishafunguka wote zima data, ndipo uchague faili. Ukurasa ukiweza kugeuza bila mtandao, kazi imefanyika kwako. Ukigoma, huenda unategemea seva, na mazungumzo ya familia yasiende huko. Ukisikia kimya mwanzoni usidhani umeharibika, kwani ni ule ukimya wa mwisho wa ujumbe uliohamia mbele. Kuhusu siri, hapana: yeyote atakayeupata ataugeuza mara ya pili na kusikia kila kitu.