Figo inafanya kazi, kwa nini wananitibu moyo?

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani wa Mbagala, nina miaka 47. Mwaka juzi mdogo wangu alinipa figo, na mpaka leo vipimo vyake ni vizuri. Ila juzi nimeshuka daladala nikaingia duka la dawa kupima presha, nikakuta 152 kwa 94. Kliniki wameniongezea dawa ya presha na ya mafuta kwenye damu. Vidonge vimezidi, na jioni nameza tena diklofenaki ya mgongo. Hizo mbili mpya naweza kuziacha? Mimi niliumwa figo, sikuumwa moyo.

JIBU: Kaka, nakusihi usiziache. Ile miaka ya presha na kusafishwa damu ilikakamaza mishipa yako, na moyo ukatanuka kwa kusukuma. Umepata figo mpya, mishipa ni ileile. Halafu dawa za kuzuia mwili usiikatae figo nazo zina gharama yake: takrolimasi hupandisha presha na sukari, predinisoloni huongeza uzito na mafuta. Kuziacha huwezi, figo itakwenda. Kwa hiyo moyo unalindwa kwa hizo ulizoongezewa. Nimekaa miaka mingi kliniki ya figo, na kinachoniuma kuliko vyote ni mgonjwa kuondoka kwa moyo au kiharusi huku figo yake ni nzima.

Hiyo 152 usiidharau, ila ukishuka daladala unahema, haitoshi kuamulia. Nunua mashine ya kufunga juu ya kiwiko. Asubuhi kabla ya dawa, nenda haja ndogo kwanza, kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika 5, miguu chini, mkono juu ya meza, usiongee. Mkono wenye fistula, yaani ule uliounganishwa mishipa kwa ajili ya kusafishwa damu, usiufunge kabisa. Pima mara mbili, andika. Wengi wenye figo ya kupandikizwa tunawataka wawe chini ya 130 kwa 80.

Chumvi punguza, hata ile ya kwenye chachandu ya mihogo. Balungi usiliguse, linapandisha takrolimasi kwenye damu.

Sasa hiyo diklofenaki. Ndiyo iliyonishtua katika barua yako yote. Inapandisha presha na inaiumiza figo uliyopewa. Acha leo, usisubiri tarehe ya kliniki. Wapigie simu wakuambie umeze nini badala yake. Na siku ukienda, beba daftari la presha na vidonge vyote, hata hicho cha mgongo, uvimwage mezani daktari avione.