Nenda ukafuturu nao

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Kirumba, sote hatujambo. Umeniandikia kwamba familia ya rafiki yako huko Izmir, Uturuki, imekualika kufuturu, nawe uko katika Kwaresima, unaogopa kwamba kukaa mezani pao ni kuchanganya dini. Nenda, mwanangu. Nenda kama Mkatoliki, usijifiche.

Kuku wa Krismasi baba yako humpeleka kwa jirani yetu Mwislamu achinje, ili yeye na wanawe wale nasi bila wasiwasi. Idi ikifika, pilau yake huja kwetu, na sahani hatuirudishi tupu. Yeye hajawahi kushika rozari, wala sisi hatujawahi kuswali, lakini misiba yote tumebebana. Umelelewa humo.

Tena mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, na Ramadhani ikaanza wiki hiyohiyo. Aliyefunga anamjua aliyefunga. Ila kama mwaliko ni wa Ijumaa, mwambie rafiki yako mapema kwamba siku hiyo huli nyama, mama yake asije akahangaika jikoni kisha ukaiacha mezani. Supu ya dengu Waturuki huipenda sana kwenye futari, pamoja na mkate wao wa Ramadhani, utashiba. Usiguse kitu kabla ya adhana ya magharibi, hata wakikuambia wewe mgeni kula tu. Siku ya Idi vijana wa huko hubusu mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso. Nawe fanya hivyo, ndiyo shikamoo yao. Wakiswali, kaa kimya pembeni. Kuinama kwa sala usiyoiamini, hapo ndipo ungewadanganya wao na Mungu pia.

Mimi hofu yangu haiko kwenye futari, iko kwenye Pasaka yako. Ijumaa Kuu, 3 Aprili, huko ni siku ya masomo kama nyingine. Hapa Mwanza hata ukisahau, kwaya zitakukumbusha. Huko utaamka, watu wanakwenda kazini, na hakuna atakayekuuliza kama umesali. Hilo linauma, nalo ndilo huwafanya vijana wengi waache kidogo kidogo bila hata kuamua. Lakini hapo ulipo ndipo Smirna ya kitabu cha Ufunuo, ambako Polikarpo alikuwa askofu, na kanisa lenye jina lake lipo mjini mpaka leo. Wiki hii nenda kaulize saa za ibada, kisha umwombe mwalimu wako ruhusa mapema.

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili, pika pilau uwaite hao waliokufuturisha. Nyama nunua bucha la kwao, hapo hakuna atakayeuliza nani kachinja. Viungo nitakufungia pamoja na dagaa, nimtume yule mwenzako anayerudi chuoni mwisho wa mwezi.

Mama yako