Usikimbilie kuchapa mchezo wako wa ubao

Vijana kadhaa hapa Mtwara wamenijia na michoro mizuri ya mchezo wa ubao, wakitaka niwaelekeze kwa mchapaji, nami huwauliza kwanza umechezwa na nani. Mara nyingi hutajiwa ndugu na marafiki, ambao kwa kazi hiyo hawafai kwa sababu watakuonea huruma.

Mchezo ninaoushughulikia unahusu msimu wa korosho: wachezaji ni wakulima wanaopeleka mzigo kwenye chama cha msingi cha ushirika, wakapewa stakabadhi, kisha wakasubiri bei ya mnada. Sampuli yake niliitengeneza kwa kadibodi ya boksi kuukuu, kadi za kuandikwa kwa kalamu, na komwe za bao zikiwa kete. Sampuli isiyo na urembo ina faida yake, kwani watu hawaoni haya kuikosoa, wala wewe huoni uchungu kuifuta.

Jaribio lenye manufaa kuliko yote ni lile la kukabidhi boksi na karatasi ya kanuni, kisha ukanyamaza. Kwenye baraza moja la Mikindani niliwatazama wachezaji wakibishana iwapo mwenye stakabadhi anaweza kukataa bei na kungoja mnada unaofuata, kwa kuwa karatasi ilisema "anaweza kuuza" bila kueleza asipouza inakuwaje. Kujizuia kujibu ni kazi ngumu, lakini atakayenunua boksi hilo Newala au Lindi hatakuwa na mbunifu wa kumuuliza. Kwa hiyo swali linalozuka mezani liandike, kisha uitengeneze upya sentensi iliyolizua.

Hofu ya kuibiwa wazo isikufanye uufiche mchezo. Hakimiliki hulinda maandishi ya kanuni na michoro, wala si wazo lenyewe. Jina waweza kulisajili kama alama ya biashara huko BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni.

Ukifika kwenye uchapaji, panga idadi ya kadi kwa kufuata karatasi. Kadi za milimita 63 kwa 88 huenea tisa kwenye A4, hivyo kadi 54 zinatosha karatasi sita, na ya 55 itakudai karatasi nyingine. Ubao wa kadibodi ngumu ubandikwe karatasi pande zote mbili, maana ukibandikwa upande mmoja hupinda gundi inapokauka, na unyevu wa pwani yetu hausaidii. Mchapaji atakushawishi uchape nyingi ili gharama ya kila nakala ishuke. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila maboksi yasiyouzwa nayo yanahitaji pa kukaa. Mwombe kwanza nakala moja, uiache mezani kwa wiki nzima, na malipo ya zilizobaki yasubiri mpaka uone kama ubao haujapinda.