Mkanda wa gari la magurudumu matatu unalia: nianzie kwenye mkanda au kwenye spoketi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina gari dogo la magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, na gurudumu la nyuma linazungushwa na mkanda wenye meno. Ninalitumia kati ya Mbweni na Posta, jijini Dar es Salaam. Tangu nibadilishiwe tairi la nyuma, mkanda unalia kama kifaranga ninapoondoka taratibu, na nikifika kilomita 70 kwa saa mlio unageuka kuwa mluzi. Fundi mmoja ameniambia ninunue mkanda mpya. Mwingine amenishauri niupake oili kama cheni ya bodaboda. Nimechungulia nikaona meno ya spoketi kubwa, ile gurudumu ya meno inayoshikwa na mkanda, yanang'aa upande mmoja. Nianzie wapi? (Msomaji, Mbweni)

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue mkanda bado, na oili usipake hata tone moja. Jambo kubwa katika maelezo yako ni kwamba kelele ilianza baada ya kubadilishiwa tairi. Ili tairi litoke, ekseli (mhimili wa gurudumu) ililegezwa, mkanda ukavuliwa, kisha vyote vikarudishwa na kukazwa upya. Mkanda hauzeeki kwa siku moja, kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza ni mpangilio wa gurudumu, wa pili ni mkazo wa mkanda, na wa tatu ni spoketi, ambayo huenda ilikuwa imeanza kulika kabla ya hapo na sasa imepata nafasi ya kusikika.

Magari ya aina hii, kwa mfano Morgan 3 Wheeler ya mwaka 2012 na kuendelea au Polaris Slingshot, yana injini mbele, na nguvu hupita kwenye giaboksi na shafti hadi kwenye giaboksi ndogo ya nyuma inayogeuza mzunguko kwa nyuzi 90, kisha mkanda huichukua nguvu hiyo kutoka spoketi ndogo hadi spoketi kubwa iliyofungwa kwenye gurudumu. Mkanda huo una nyuzi imara ndani yake, za kaboni au aramidi, na umetengenezwa ufanye kazi ukiwa mkavu. Cheni inahitaji oili kwa sababu ni chuma kinachosuguana na chuma katika kila kiungo. Mkanda hauna viungo. Ukiupaka oili, vumbi litanata, litachanganyika na mafuta na kuwa tope kali ambalo litasaga meno ya spoketi kila gurudumu linapozunguka, na kelele utakayokuwa umeinyamazisha wiki hii itarudi ikiwa na gharama kubwa zaidi.

Tuanze na sauti, maana kila sauti ina asili yake. Mlio mfupi mfupi unaosikika kwa mwendo mdogo kwa kawaida hutokana na ukingo wa mkanda kusugua ukuta wa pembeni wa spoketi, au vumbi kavu lililokaa kati ya meno. Mluzi unaopanda kadiri mwendo unavyopanda huashiria mkanda uliokazwa kupita kiasi, ingawa kila mkanda wenye meno una mluzi wake mdogo ambao si ugonjwa. Mkwaruzo mzito ni wa beringi. Mgongano mmoja kwa kila mzunguko ni kokoto iliyonasa au jino lililoharibika. Mshtuko unaoruka unapokanyaga mafuta kwa ghafla maana yake mkanda umelegea na unaruka meno, na hapo gari lisitumike tena mpaka lirekebishwe.

Kuna kipimo rahisi cha kutenganisha mkanda na beringi. Safisha kwanza mkanda na spoketi zote mbili kwa maji baridi, sabuni kidogo na brashi laini, viache vikauke, kisha endesha gari usikilize. Mlio ukirudi, nyunyizia maji kidogo upande wa ndani wa mkanda na uendeshe tena mara moja. Ukinyamaza kwa muda na kurudi maji yanapokauka, tatizo ni msuguano wa mkanda na spoketi. Usipobadilika hata kidogo, elekeza uchunguzi kwenye beringi za gurudumu na za giaboksi ya nyuma.

Kwa kesi yako ninatarajia mlio utanyamaza, na hatua inayofuata ni kupima mpangilio. Weka vizuizi imara kwenye magurudumu ya mbele, zima injini, inua gurudumu la nyuma kwa jeki na uliegemeze kwenye stendi, kisha lizungushe kwa mkono. Usijaribu kamwe kuchunguza mkanda kwa vidole wakati injini inazungusha gurudumu. Angalia mkanda unakaa wapi juu ya spoketi kubwa: ukielekea pembeni na kuukandamiza ukuta kwa nguvu gurudumu likizungushwa mbele, kisha ukakimbilia upande wa pili likizungushwa nyuma, ekseli imekaa mshazari. Usiziamini alama zilizochorwa kwenye sehemu za kurekebishia. Pima kwa rula ndefu ya chuma kutoka katikati ya egemeo la mkono wa nyuma (fremu inayoshikilia gurudumu la nyuma na kupanda na kushuka nalo) hadi katikati ya ekseli, upande wa kulia na wa kushoto, na vipimo hivyo vilingane. Tofauti ya milimita moja au mbili, ambayo jicho haliioni, inatosha kuufanya mkanda ulie.

Mkazo hupimwa baada ya mpangilio, si kabla, na hupimwa mkanda ukiwa umepoa. Njia ya kawaida ni kuuvuta au kuusukuma mkanda katikati ya spoketi mbili kwa nguvu inayojulikana, mara nyingi uzito wa kilo 4.5, na kupima umesogea milimita ngapi. Kitabu cha gari lako ndicho kinachotoa kiwango, na pia kinaeleza kama gari lipimwe likiwa limesimama kwa magurudumu yake au limeinuliwa, kwa sababu mkono wa nyuma ukipanda au kushuka mkazo hubadilika. Mizani ya ndoano, kama ile ya wauza samaki wa Feri, inatosha kabisa kwa kazi hii. Pima mahali pa kwanza, zungusha gurudumu robo, pima tena, hadi umalize mzunguko, kisha rekebisha kwa kufuata sehemu iliyokaza zaidi. Kama tofauti kati ya sehemu iliyokaza na iliyolegea ni kubwa, spoketi imelika bila usawa au haikukaa katikati ya ekseli yake.

Sasa spoketi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayopuuzwa zaidi hapa mjini. Kung'aa peke yake si dalili ya kutosha. Uso wa jino unaopokea mvuto wa mkanda hung'aa kabla ya ule wa pili, na hilo ni la kawaida kwa kuwa gari hutumia muda mwingi likienda mbele. Lakini kama mng'ao umekaa kwenye ncha moja tu ya upana wa meno, karibu na ukuta, basi unathibitisha mshazari niliouelezea. Chungulia tena ukiwa na tochi utofautishe mambo hayo mawili.

Kisha fanya jaribio la kisu. Spoketi nyingi za mikanda ni za alumini iliyofunikwa kwa ganda gumu, la kromu au la kemikali, na ganda hilo ndilo linalobeba kazi yote. Chukua ncha ya kisu kidogo, iburute kwa nguvu ya wastani kwenye kitako cha bonde lililo kati ya jino na jino, sehemu ambayo mkanda hupita. Ncha ikiteleza bila kuacha alama, ganda bado lipo. Ikizama na kuacha mchirizi mweupe, unakata alumini tupu. Rudia kwenye mabonde kadhaa, kisha pitisha ukucha kutoka katikati ya bonde kwenda pembezoni ambako mkanda haugusi. Ukucha ukikwama kwenye ngazi ndogo, umegusa kiasi cha alumini kilichokwisha kuliwa. Usiishie kwenye spoketi kubwa kwa sababu tu inaonekana. Ile ndogo, iliyofichwa na kifuniko, ina meno machache, kwa hiyo kila jino lake hufanya kazi mara nyingi zaidi na huisha mapema.

Ganda likiisha, alumini huliwa haraka. Kipenyo cha spoketi hupungua, nafasi kati ya meno yake haiwiani tena na ya mkanda, na mzigo uliopaswa kugawanywa kwa meno mengi hubebwa na machache. Hapo mkanda mpya utalia kama wa zamani na kukatika mapema. Mchanga wa barabara za ndani za Mbweni na Bunju, ambao wakati wa masika hurushwa juu pamoja na maji, huharakisha ulaji huo, na hewa ya chumvi ya pwani hushambulia alumini iliyoachwa wazi hadi utaona unga mweupe kwenye mabonde. Osha sehemu hiyo kwa maji safi kila baada ya kupita kwenye matope au mchanga, lakini mashine ya presha isielekezwe kwenye beringi.

Kwenye mkanda wenyewe, jino lililong'oka, ufa kwenye shina la jino, au tundu la kokoto lililo karibu na ukingo ni sababu za kuubadilisha. Nyuzi chache zilizochomoza ukingoni zinahitaji kuangaliwa mara kwa mara tu, hasa mpangilio ukishasahihishwa.

Kisu kikiacha mchirizi, agiza mkanda na spoketi zote mbili kwa pamoja. Usikubali kuchongewa spoketi kwa kufuata umbo la ile iliyolika, wala kubandikiwa ya cheni, kwa kuwa meno ya mkanda yana umbo lake na vipimo vyake ni vya sehemu ndogo za milimita. Kisu kikiteleza, na mpangilio na mkazo vikarekebishwa, tarajia gari litulie bila kununua chochote. Lipime mkazo tena baada ya kilomita mia chache za kwanza. Mkanda mpya ukifika kutoka nje, ufungue mbele ya aliyekuletea: uliokunjwa kwa nguvu hadi ukapata mkunjo mkali huenda nyuzi zake zimevunjika ndani hata kama nje hauna alama, na mkanda huo usiupokee.